Shingo Haina Alama ya Zizi

Miaka yangu ya kazi nimeitumia zaidi kutambua mifupa ya wanyama inayotoka katika machimbo ya akiolojia, na swali lililorudi mezani mara nyingi kuliko mengine ni hili: pingili ya shingo iliyofukuliwa Bonde la Ufa ni ya kondoo au ya swala? Asiyeijua kazi hii huliona swali dogo. Lakini kondoo si mwenyeji wa huku. Asili yake ni kondoo mwitu wa Asia ya Magharibi anayeitwa muflon, na kusini mwa Sahara hakuna kondoo mwitu hata mmoja. Kwa hiyo mfupa ukishaandikwa “kondoo” umetangaza kwamba mahali pale palikuwa na wafugaji, na ukiwa na umri wa miaka 3,000 umeingia katika historia ya nchi. Nilichokuja kuamini baada ya kushika shingo nyingi ni kwamba tofauti ya swala na kondoo ipo na inaonekana, ila si tofauti ya pori na zizi. Ni tofauti ya ukoo, na ya mzigo ambao kila shingo imelazimika kuubeba. Anayetafuta alama ya kufugwa ndani ya shingo anauuliza mfupa jambo usilolijua.

Idadi haitusaidii. Swala ana pingili saba za shingo, kondoo saba, twiga saba na binadamu saba; miongoni mwa wanyonyeshao ni nguva wa jamii ya manati na wale wanyama wavivu (sloth) wa Amerika ya Kusini tu walioiacha kanuni hiyo. Umbo la jumla nalo halitufikishi mbali. Pingili ya kwanza, atlasi, haina mwili wala mwiba. Ina mabawa mawili na vikombe viwili vinavyopokea kisogo. Ya pili, aksisi, ina jino linaloingia ndani ya atlasi, na kwa wanyama hawa jino hilo limekaa kama bua lililopasuliwa katikati kwa urefu. Ya tatu hadi ya tano hufanana mno, ya sita ina ubao mpana upande wa chini, na ya saba ina mwiba mrefu na mahali pa kupokea ubavu wa kwanza. Hata lile tundu la pembeni la atlasi, ambalo punda na mbwa wanalo, kondoo hana na ng'ombe hana. Dalili hiyo ni nzuri ya kuwatoa punda na mbwa katika hesabu, lakini ndani ya jamii ya wenye pembe za kudumu, ambamo swala, mbuzi, kondoo na ng'ombe wote wamo, mpango wa ujenzi ni mmoja.

Tofauti huanza kuonekana katika uwiano. Mwili wa pingili ya swala tomi ni mrefu na mwembamba ukilinganishwa na upana wake. Wa kondoo ni mfupi na umejaa. Aksisi huonyesha jambo hilo waziwazi zaidi, na sababu ni namna wanavyopigana. Kondoo dume hurudi nyuma, akaja mbio, akagonga kichwa kwa kichwa, na kishindo chote hupitia atlasi na aksisi. Swala tomi hufungana pembe wakasukumana na kuvutana, kazi ya kupinda na kusokota zaidi kuliko kupokea pigo. Sasa mtazame swala twiga wa nyika za kaskazini mwa Kenya na za Longido, anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu: pingili zake ni zilezile saba zilizorefushwa. Digidigi ni wa ukoo uleule wa karibu, naye shingo yake ni fupi. Wote wawili ni wa porini tangu enzi na enzi, na hakuna atakayewachanganya. Kama pori lenyewe halina shingo moja, tutasemaje kwamba shingo fulani ni ya kipori?

Pingamizi la kwanza ambalo wenzangu hulileta ni la haki. Ufugaji, wanasema, umebadilisha mifupa mingi: umepunguza kimo, umefupisha nyuso, umeondoa pembe. Kondoo jike asiye na pembe ana kichwa chepesi, basi shingo yake nayo itakuwa nyepesi, na hiyo ndiyo alama ya zizi. Nakubali nusu ya kwanza ya hoja. Lakini swala pala jike hana pembe, na hajawahi kulala bomani. Wepesi wa shingo yake unatokana na jinsia. Tena ukiweka shingo ya muflon katikati ya ile ya kondoo wa kufugwa na ile ya swala, huiona inakaa upande wa kondoo wa kufugwa, mbali na swala, ingawa muflon ni mnyama wa porini. Ukoo umeshinda makazi.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Wengi hupanga mifupa isiyotambulika kwa madaraja ya uzito aliyoyaeneza C. K. Brain, ambamo daraja la pili ni la wanyama wa kilo 23 hadi 84. Daraja hilo ni zuri kwa uaminifu wake, na ni baya kwa swali letu, kwa sababu kondoo wa kienyeji anaingia humo pamoja na swala pala, swala granti na hata tomi dume aliyenona. Katika eneo kama Luxmanda, kule Mbulu, ambako mifugo ndiyo iliyotawala, kubahatisha “kondoo” hakuleti hasara kubwa. Prolonged Drift, karibu na Nakuru, ni habari nyingine: mifugo na wanyamapori wamelala pamoja kwa wingi, na kila pingili inayobahatishwa inasogeza hesabu ya nani alikuwa mwindaji na nani mchungaji. Alama za kisu hazituokoi pia. Kichwa hutenganishwa na shingo pale pale kwenye atlasi, awe mnyama amechinjwa nyumbani au ameangushwa kwa mshale.

Lawama yangu naielekeza kwenye vitabu tunavyovitegemea. Kazi ya Joachim Boessneck ya 1969 ni nguzo, lakini iliandikwa kutenganisha kondoo na mbuzi. Mwongozo wa vipimo wa Angela von den Driesch wa 1976 unafundisha kupima. Haukusudii kukuambia huyu ni tomi. Mtu akivishika viwili hivi peke yake, majibu anayoweza kupata ni kondoo au mbuzi tu, kwa kuwa swala hakualikwa. Mwaka 2016 Horsburgh, Orton na Klein walichapisha onyo kutoka kusini mwa Afrika, baada ya vinasaba kuonyesha kwamba baadhi ya mabaki yaliyosajiliwa kuwa ya kondoo yalikuwa ya springbok, swala wa huko. Nani ashangae?

Watasema basi jicho limepitwa, tuiachie maabara. Siipingi maabara. Mwaka 2021 Anneke Janzen na wenzake walitoa alama mpya za kolajeni, protini ya mifupa, kwa wanyama wa Afrika wa jamii hii, na zimesaidia sana. Lakini kolajeni huharibika katika udongo wa joto, kipimo hula kipande cha mfupa, na koo zilizo karibu haziachani zote. Zaidi ya hayo, maabara haitakwambia kama bamba za mwisho wa pingili zimeungana, jambo ambalo kwa kondoo hukamilika akiwa na miaka minne au mitano, wala kisu kilipita wapi. Jicho na maabara vifanye kazi pamoja, na jicho liseme tu kile linachokiona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Atlasi au aksisi nzima, ikilinganishwa na mifupa halisi ya swala wa huku kama ile iliyohifadhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya jijini Nairobi, inaweza kupewa jina. Pingili ya tatu hadi ya saba iliyovunjika, ambayo fisi na mbwa wameshaitafuna nusu kwa ulaini wake, iandikwe ukubwa wake tu na ibaki bila jina. Na kwa vijana wanaoingia kazini ninaomba jambo moja: andaeni mifupa kamili ya kondoo wekundu wa Kimaasai, madume kwa majike, wenye umri unaojulikana, muiweke kwenye rafu moja na tomi, granti na pala.