Mizani ya Walimu wa Mpira

Mtu aliyekwisha kuondoka ana bahati mbili asizokuwa nazo mtu aliyepo. Makosa yake hayaongezeki tena, na mema yake husimuliwa na watu wasioweza kuyapima upya. Aliyepo hana hata moja katika bahati hizo. Kila siku yaweza kumzidishia kosa, na jema lake la leo huhesabiwa kuwa ni deni alilolipa, si zawadi aliyotoa. Kwa sababu hiyo, kumlinganisha kiongozi wa jana na kiongozi wa leo ni kazi nyepesi kuianza na nzito kuitenda kwa haki. Katika mambo ya dola watu huifanya kwa kunong'ona. Katika mpira wa miguu huifanya kwa sauti kuu, mchana kweupe, na hapo ndipo tabia ya ulinganifu huonekana bila nguo.

Ziba, katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, ni mahali pazuri pa kuitazama tabia hiyo. Ni nchi ya tambarare, ya pamba, mpunga na ng'ombe, na viwanja vikubwa vya Dar es Salaam viko mamia ya kilomita kutoka hapo. Walakini wapenzi wa mpira wa Ziba hawajioni kuwa wako mbali. Mchezo ukionyeshwa katika kibanda cha televisheni, wao huwa ndani yake kwa macho, kwa miguu na kwa koo. Mchezo wenyewe huchukua dakika 90; maneno yake huchukua juma zima. Na katika maneno hayo wachezaji hupata theluthi moja tu. Theluthi mbili ni za mwalimu wa timu, yaani kocha: huyu aliyepo, na yule aliyekuwako.

Wafuasi wa Yanga waligawanyika kwa muda mrefu juu ya walimu wawili. Wa kwanza ni Nasreddine Nabi, Mtunisia, aliyeifundisha timu hiyo tangu 2021 hata 2023. Wakati wake Yanga ilicheza michezo 49 ya ligi bila ya kushindwa, mpaka Ihefu ilipoukata uzi huo Novemba 2022. Mwaka 2023 aliifikisha timu katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Yanga ilifungwa na USM Alger 2–1 Dar es Salaam, ikaenda ikashinda 1–0 Algiers, na kombe likapotea kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Wa pili ni Miguel Gamondi, Mwargentina, aliyempokea kazi. Yeye aliifunga Simba 5–1 tarehe 5 Novemba, 2023. Akaiingiza Yanga katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ambamo haikuwamo tangu 1998. Akatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali, baada ya mpira wa Aziz Ki kugonga mwamba na kudunda chini, na mwamuzi kukataa kuwa ni goli.

Upande mmoja husema kuwa Nabi ndiye aliyejenga nyumba, na Gamondi aliingia akakuta vitanda vimetandikwa. Upande wa pili husema kuwa nyumba isiyopata mpangaji mwema huwa gofu, na kuwa magoli matano dhidi ya mtani hayakuachwa na mtu yeyote chini ya mto. Kila upande una hoja. Kasoro ni kuwa kila upande huchagua kipimo baada ya kuchagua mshindi. Anayempenda Nabi hupima kwa wingi wa siku bila kushindwa. Anayempenda Gamondi hupima kwa ukubwa wa siku moja. Ni kama watu wawili wanaobishana juu ya gunia la mpunga, mmoja ana pishi mkononi na mwenziwe ana ufito wa kupimia urefu.

Kisha ulikuja mwezi wa Novemba 2024, uliowatia watu wa Mkoa wa Tabora katika mtihani wa pekee. Yanga ilifungwa na Azam 1–0, na siku chache baadaye, tarehe 7, ilifungwa 3–1 na Tabora United, kama timu hiyo ilivyoitwa wakati ule. Mfuasi wa Yanga aliyezaliwa Tabora alikuwa na mioyo miwili kifuani. Mkoa wake ulikuwa umemwangusha bingwa, na bingwa huyo alikuwa ndiye kipenzi chake. Kabla mwezi haujaisha, Gamondi aliachishwa kazi. Aliyekuwa akiitwa mganga wa Simba mwaka mmoja kabla, sasa aliitwa mtu aliyechoka. Magoli matano hayakufutwa katika kumbukumbu, bali yalihamishwa: ilisemekana kuwa yalikuwa ya wachezaji. Magoli matatu ya Tabora, ilisemekana, yalikuwa ya mwalimu.

Hapa pana jambo la kufikiri. Ushindi ukipatikana, wazazi wake ni wengi. Kushindwa kukija, mzazi huwa mmoja, naye ni mwalimu. Msimu ule ule Yanga ilipitia mikononi mwa Sead Ramovic, aliyeondoka Februari 2025, kisha mikononi mwa Miloud Hamdi, na mwisho ilitwaa ubingwa. Kombe lile lilikuwa la nani? La yule aliyelima, la yule aliyepalilia, au la yule aliyekuwako siku ya kuvuna? Mkulima wa Ziba hashindwi na swali hili shambani kwake. Hujua kuwa pamba iliyookotwa Juni ilitegemea mvua ya Desemba na jembe la kabla ya mvua. Akiingia katika kibanda cha televisheni, elimu hiyo huiacha mlangoni pamoja na baiskeli.

Wazee nao wana ulinganifu wao, na huo hauhusu Yanga wala Simba. Wao huenda mpaka 1980, Taifa Stars ilipokwenda Lagos katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Humtaja Joel Bendera, aliyekuwa miongoni mwa walimu wa timu ile, na ambaye baadaye alikuwa naibu waziri na mkuu wa mkoa mpaka alipokaribia mwisho wa maisha yake, 2017. Humtaja Peter Tino, ambaye goli lake huko Ndola mwaka 1979 lilifungua njia ya kwenda Nigeria. Kwa wazee hawa, mwalimu yeyote aliyekuja baadaye ni mgeni aliyeketi katika kiti cha mtu.

Vijana hawakubali. Ziba, kama kwingineko katika Unyamwezi, babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo hutumika sana katika mpira.

"Babu," kijana husema, "timu yako ya Lagos ilifungwa na Nigeria, ikafungwa na Misri, ikatoka sare na Ivory Coast, ikarudi nyumbani. Sare moja tu!"

"Kweli, mjukuu wangu," babu hujibu. "Na hii yenu iliyovuka makundi kule Morocco, ilishinda mara ngapi?"

Kijana hunyamaza kidogo, kisha hucheka, kwa kuwa jibu ni kuwa haikushinda hata mara moja. Katika fainali za 2025 Taifa Stars ilifungwa na Nigeria 2–1, ikatoka sare 1–1 na Uganda, ikatoka sare 1–1 na Tunisia, na kwa pointi mbili hizo ikaingia katika hatua ya timu 16 kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mwaka 1980 timu zilizoshiriki zilikuwa nane tu. Kufika Lagos peke yake kulikuwa ni kuwamo katika nane za Afrika. Tangu 2019 timu ni 24, na wa tatu katika kundi aweza kupata mlango. Babu na mjukuu wote wawili husema kweli, lakini kila mmoja husema kweli ya mlango aliopitia.

Lipo jambo lililo karibu zaidi, nalo ni gumu zaidi. Katika fainali zilizochezwa Ivory Coast mwanzo wa 2024, Taifa Stars ilipata pointi mbili vilevile: ilifungwa na Morocco, ikatoka sare na Zambia na Kongo. Safari ile ilianza chini ya Adel Amrouche, Mwalgeria, akasimamishwa katikati, na Hemed Suleiman, aitwaye Morocco, akashika usukani. Pointi zile mbili hazikutosha; timu ilirudi, na watu walisema imeaibika. Hemed Suleiman aliendelea, akaifunga Guinea 1–0 Novemba 2024, akaipatia nchi tiketi ya fainali nyingine. Agosti 2025 akaifikisha timu robo fainali ya mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Novemba 2025 aliondolewa, na aliyewekwa kuwa kaimu wake ni Miguel Gamondi, yule yule aliyeachishwa kazi mwaka mmoja kabla baada ya magoli matatu ya Tabora. Gamondi akapata pointi mbili, na watu wakacheza ngoma.

Pointi mbili za mtu mmoja ziliitwa aibu, pointi mbili za mtu mwingine ziliitwa historia. Hapana aliyesema uongo, maana historia iliandikwa kweli. Lakini mwenye kutaka kuwapima walimu wale wawili kwa matokeo hayo peke yake atakuwa amepima bahati ya makundi mengine, akaipa jina la akili ya mtu.

Mizani iliyo bora si lazima itafutwe mbali. Nchi hii ya Unyamwezi iliwahi kuwa na elimu kubwa ya kuwapima viongozi wa safari. Katika karne ya 19, misafara ilipokuwa ikipanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, mbele ya wapagazi alitembea kirangozi, ambaye jina lake ni ndugu wa neno letu kiongozi. Alishika bendera, alijua visima, alijua mahali pa kulala na namna ya kusema na watawala wa njiani waliotaka hongo. Yeye hakubeba mizigo yote, wala hakuweza kuibeba. Kazi yake ilikuwa kuifanya mizigo ifike. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa kazi yao, wenye fahari nayo, na kirangozi asiyekubalika kwao hakufika popote.

Watu wa kazi kama ile hawangeweza kuwalinganisha viongozi wawili kwa hesabu ya siku peke yake. Aliyepita Mgunda Mkali wakati wa visima kujaa, na aliyepita wakati wa visima kukauka, walipita katika nchi mbili mbalimbali ingawa njia ni moja. Lazima kuuliza: Alipewa watu wangapi, na wazima au wagonjwa? Mizigo mingapi ilifika? Wangapi walikuwa radhi kumfuata tena msimu wa pili? Maswali haya matatu yangetosha kumaliza nusu ya ugomvi wa vibanda vya televisheni, na nusu itakayobaki itakuwa na maana zaidi.

Njia ile ya misafara iliacha na kitu kingine, nacho ni utani. Wanyamwezi walipata watani wengi miongoni mwa makabila waliyokutana nayo safarini na pwani, na mpira wa Tanzania umeazima neno hilo: Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Lakini mpira umeazima nusu tu. Mtani wa kale alikuwa na ruhusa ya kutukana, na pamoja na ruhusa hiyo alikuwa na wajibu. Mtani akifa, mwenziwe alikuja msibani, akashika kazi, akasaidia kuzika. Tusi lake lilikuwa na dhamana. Mwalimu wa timu hutukanwa kama mtani, lakini siku ya kuondoka kwake hapana anayekuja kumbebea mzigo. Hupewa barua, na gari la kwenda uwanja wa ndege.

Walimu wakubwa huyastahimili haya, kwa kuwa wana mikataba na nchi nyingine za kwenda. Hasara huwa kubwa zaidi pale ulinganifu huo unapotoka kwenye televisheni ukashuka mpaka kiwanja cha kijiji. Kila kata ina mtu anayewafundisha vijana jioni bila ya mshahara, mpira mmoja ukiwa umeshonwa mara tatu, na nyavu zikiwa hazipo. Naye ana mtangulizi. Mtangulizi wake alikuwa na vijana waliokua pamoja tangu darasa la kwanza. Yeye ana vijana ambao nusu yao huondoka kila msimu kwenda kutafuta kazi migodini na mijini. Timu ikifungwa na kijiji cha pili, husikia maneno yale yale yaliyosemwa juu ya Gamondi na Hemed Suleiman: "Ingekuwa fulani!" Neno hilo ni fupi, na mara nyingi halina nia mbaya. Lakini limewafanya wengi waache filimbi na kurudi kukaa barazani. Na jioni inayofuata watoto 20 husimama kiwanjani wakimngojea mtu ambaye hatakuja.

Kulinganisha si dhambi. Asiyelinganisha hajui kupanda wala kushuka, na kiongozi asiyelinganishwa hulala. Lakini mizani ina vitanga viwili, na kazi ya haki ni kuweka katika kila kitanga si matokeo peke yake, bali na mzigo, na njia, na majira. Mtangulizi apewe sifa yake yote bila ya kufanywa fimbo ya kumchapia aliyepo. Na aliyepo asamehewe kosa moja ambalo hapana mwalimu aliyeweza kulikwepa tangu mpira uanze kuchezwa: kosa la kuwa bado yupo.