Niliwarushia Flamingo Jiwe

Wacha niseme ukweli. Ile picha yangu ya flamingo wa Ziwa Bogoria, ile mlishea sana, nilirusha jiwe majini ndio waruke. Iangalieni tena vizuri: ni migongo na mikia tu, wote wananikimbia. Na flamingo hapai hivi hivi, lazima kwanza akimbie juu ya maji. Amekuja pale kula mwani, mimi namchosha bure.

Siku hizi nasimama upepo ukinipiga mgongoni, maana ndege hupaa akielekea upepo. Spidi naweka 1/2000 ya sekunde, mbele ya mdomo namwachia nafasi. Halafu nangoja. Juzi nimengoja masaa matatu, picha moja. Lakini jicho linaonekana. Ile ya jiwe nimeifuta.