Wiki Zipi za Kuiona Italia

Mtu aliyekulia Malindi hana mazoea ya kuhesabu mwanga. Jua letu hutua saa kumi na mbili na ushei, iwe Februari au Agosti, na hakuna anayepanga shughuli zake za jioni kwa kutazama kalenda. Ndiyo maana mpwa wangu aliponiuliza, "Mjomba, safari yangu ya kwanza Italia niende mwezi gani?", sikuanza na habari za baridi wala nauli. Nilianza na mchana. Msimu wa mapukutiko, kuanzia Septemba hadi mwisho wa Novemba, Roma hupungukiwa na mchana kwa wastani wa zaidi ya robo saa kwa wiki. Septemba inapoingia mchana ni zaidi ya saa 13. Novemba inapotoka umebaki wa saa 9 na nusu hivi. Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nzima hurudisha nyuma mishale ya saa, kwa hiyo jua lililotua jana saa kumi na mbili na robo leo linatua saa kumi na moja na robo. Ukiuliza mwezi, swali ni pana mno. Uliza wiki.

Mpwa wangu ni muuguzi Mombasa. Likizo yake ni ya mara moja kwa mwaka na fedha za safari hii amezidunduliza muda mrefu, kwa hiyo orodha yake ilikuwa ndefu pia. Alitaka Venezia, Firenze, Roma na Napoli, kisha pwani ya Amalfi, milima ya Dolomiti na Sicilia. Alitaka kuogelea, kuona zabibu zikichumwa, kuona zeituni zikivunwa, na kuingia makumbusho yasiyo na foleni. Sikucheka. Kila alichokitaja kipo, na kila kimoja kina wiki zake. Shida ni kwamba wiki hizo hazikutani. Bahari ya kusini ina joto zuri la kuogelea Septemba. Zabibu huanza kuchumwa Agosti huko Sicilia na kwenye vilima vya Piemonte huendelea kuchumwa hadi Oktoba. Nyumba za kulala wapanda milima wa Dolomiti huanza kufungwa Septemba ikielekea ukingoni. Boti za Amalfi hupungua Oktoba inapokwisha, na hoteli nyingi za huko hufunga milango Novemba hadi majira ya joto yakaribie. Mtaka yote hukosa yote, nasi tulikaa na kalenda mezani tukianza kukata.

Lazima niseme wazi kwamba mimi napenda mwisho wa Oktoba na Novemba kuliko wiki nyingine zote. Ndipo Toscana na Umbria zinapovuna zeituni. Nyavu hutandazwa chini ya miti, matawi hupitishiwa reki ndogo za mkono, na zeituni humwagika, nyingine za kijani, nyingine zimeanza kugeuka zambarau. Wenye shamba hawalali nazo siku nyingi, kwa sababu zikirundikwa hupata joto, huanza kuchacha, na mafuta huharibika. Kwa hiyo kinuni kazi huendelea hadi usiku. Zeituni huoshwa, husagwa pamoja na kokwa zake, rojo hukorogwa polepole, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi mafuta yajitenge. Sisi wa Pwani tuliosimuliwa na wazee habari za ngamia akizunguka kinu cha kushindika ufuta, harufu ya mahali pale haitupi ugeni. Mafuta yakitoka ni ya kijani kibichi, mazito, na ukiyaonja yanawasha kooni kama pilipili. Toscana mkate wao hauna chumvi. Huubanika, wakausugua kitunguu saumu, wakaumiminia mafuta hayo mapya. Sijawahi kula kitu rahisi namna ile kikanikaa moyoni namna ile.

Lakini safari haikuwa yangu.

Kwamba ninachokipenda mimi si lazima kimfae mwingine nilijua zamani, nilipokuwa nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Malindi. Waitaliano wamekuwa wakija kwetu miaka mingi, na wengi wao huambiana. Aliwahi kufika mgeni mmoja mwezi wa Mei, mara yake ya kwanza Afrika, kwa ushauri wa rafiki yake aliyekuwa akiipenda Mei kupita kiasi. Rafiki yule alikuwa mwenyeji. Alikuwa na nahodha wake, alijua nyumba ya kwenda kula biriani mvua ikinyesha, na kimya cha masika kilikuwa ndicho alichokifuata. Mgeni wetu hakuwa na hata kimoja. Alikuta mvua, bahari imechafuka, nusu ya hoteli zimefungwa. Aliambiwa ukweli mtupu, ila ulikuwa ukweli wa mtu mwingine. Tangu siku hizo, mtu akiniomba ushauri wa safari, humuuliza kwanza yeye ataumia akikosa nini.

Mpwa wangu alifikiri kidogo, akasema ataumia akikosa kutembea. Hakuja na jina la jengo. Alitaka kutoka asubuhi na kuzunguka mitaani hadi miguu ichoke, bila kuogopa giza wala mvua. Jibu hilo lilitutolea Novemba mezani, pamoja na mkate wangu na mafuta yake.

Maana Novemba ya Italia ina mvua, tena si manyunyu. Bahari ya Mediteranea hupata joto kiangazi chote. Hewa baridi ya kaskazini inapoanza kushuka juu ya maji hayo ya uvuguvugu, mvuke hupanda na mvua hushuka kwa nguvu. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulivunja kingo zake ukaingia Firenze. Vijana wa nchi mbalimbali walikwenda kuchopoa vitabu vya Maktaba ya Taifa kutoka kwenye matope. Katika kanisa la Santa Croce upo msalaba mkubwa uliochorwa na Cimabue katika karne ya 13. Maji yaliubandua sehemu kubwa ya rangi. Mafundi walioutengeneza hawakuchora upya kilichopotea. Waliziba mapengo kwa vistari vya rangi tulivu, na ukiusogelea unaona palipobaki mkono wa mchoraji na palipopita mto. Nimemwambia mpwa wangu asiondoke Firenze bila kusimama mbele yake.

Siku hiyohiyo ya 1966 maji yalipanda Venezia hadi sentimita 194, na usiku wa tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana: ni maji ya kujaa yaliyokutana na upepo. Bahari ya Adriatiki ni nyembamba na imefungwa upande wa kaskazini, basi upepo wa kusini-mashariki ukivuma husukuma maji yakajaa huko juu yasipate pa kutokea. Siku hizi kuna MOSE, malango 78 ya chuma kwenye midomo mitatu ya wangwa, yaliyoinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia bamvua ya kweli tarehe 3 Oktoba 2020. Yamesaidia mno. Hata hivyo, hayainuliwi kwa kila maji yanayopanda, na uwanja wa San Marco uko chini kuliko sehemu nyingi za mji.

Kuna pia jambo la vyumba, ambalo wageni hawalitegemei. Sheria ya Italia hupanga tarehe za kuwasha vipasha joto majumbani kulingana na baridi ya kila mji. Milano na Torino kwa kawaida huanza tarehe 15 Oktoba, Roma na Firenze tarehe 1 Novemba, Napoli tarehe 15 Novemba, Palermo husubiri hadi Desemba. Kwa hiyo waweza kulala Roma mwisho wa Oktoba, usiku umepoa, kipasha joto kiko ukutani na ni baridi kama jiwe. Kwa mtu aliyezoea feni usiku kucha, hilo ni la kufungia sweta la pili.

Mbona basi tusichague Septemba, yenye mchana mrefu? Tuliipima. Nusu yake ya kwanza bado ina joto la kiangazi na umati wa kiangazi, na bei zake. Mwishowe tumeangukia wiki mbili zinazoanza Jumatatu baada ya Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Jumapili hiyo makumbusho ya serikali ni bure na foleni zake ni ndefu, afadhali ipite. Mchana wa Roma wakati huo ni kama nyuzijoto 22, na giza halijaanza kuingia mapema. Foleni hatazikwepa, maana Oktoba Roma na Firenze bado zimejaa watu. Ataanza kaskazini na kushuka kusini kadiri baridi inavyosogea: Venezia kwanza, kisha Firenze, lakini si siku ya Jumatatu kwa sababu makumbusho ya Uffizi hufungwa, kisha Roma, amalizie Napoli. Treni za kasi kutoka Firenze hadi Roma huchukua kama saa moja na nusu tu. Dolomiti na Sicilia tumezifuta, na yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Maombi ya viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, yasipungue siku 15, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Nimemsihi aanze mapema, aombe likizo kwa maandishi wiki hii, na asilipie chumba kisichorudishiwa pesa kabla ya viza kutoka. Zeituni huenda akazikuta zimeanza kuvunwa, huenda asizikute. Nimemwambia hivyo kabla hajatoa hata shilingi, naye akasema, "Sawa, Mjomba. Hizo za kwako."