Mahali na Mahari

Ndugu walimu, mimi ni Mganda, na Kiswahili nimekifundisha kwa miaka 19. Mwaka jana, katika mafunzo ya walimu, kila mmoja wetu alipewa nusu saa ya kufundisha mbele ya wenzake. Mada yangu ilikuwa matamshi ya L na R.

Nilijiandaa barabara. Nilichora kinywa ubaoni, nikaeleza kwamba L ni kitambaza, hewa ikipita kandoni mwa ulimi, na kwamba R ni kimadende, ncha ya ulimi ikipigapiga ufizi. Nikaandika jozi za maneno: kalamu na karamu, mahali na mahari. Dakika 25 zilipita bila ya mimi kutamka hata jozi moja. Ndipo dada mmoja aliponiambia kwa adabu, "Mwalimu, tafadhali yatamke, tusikie."

Nikatamka "mahali", kisha nikatamka "mahali" tena. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangalicheka.

Usiku ule nilijihoji. Kosa langu halikuwa ulimi, lilikuwa woga. Nilijua fika kwamba R ingenishinda, nikajificha nyuma ya chaki. Kumbe nilichokificha ndicho walichokihitaji wenzangu. Katika tahajia ya Kiganda, herufi R haiandikwi ila baada ya I au E: twasema omulimu kwa kazi moja, lakini emirimu kwa kazi nyingi. Baada ya A, O na U, ulimi wetu huleta L. Ndiyo sababu "habari" hututoka "habali", ilhali "heri" haitusumbui kamwe. Kanuni hii naijua tangu utotoni, wala sikuwahi kuitumia darasani.

Kesho yake niliomba dakika 10. Nilikiri udhaifu wangu, kisha tukaanza na neno tuliloliweza: heri. Kutoka heri tukaenda hari, kutoka hari tukaenda hori. Nilikwama mara mbili kwenye hori. Darasa likacheka, nami nikacheka. Kisha kila mtu akajaribu kwa sauti.

Hadi leo R yangu huteleza ninapochoka. Lakini wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Basi nawasihi wenzangu: mnapoandaa somo, neno mnaloliogopa msiliache ubaoni. Litamkeni kwanza.