Bega Lilipokataa Nyundo

Mimi ni mhunzi, mzaliwa wa Mamba, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kilimanjaro. Kwetu uhunzi ni kazi ya ukoo. Wazee walifua mikuki yetu na ya Wamasai wa tambarare, na mikuki ilipokosa soko wakageukia majembe, miundu, visu na kengele za ng'ombe. Nami nimelea watoto kwa nyundo hiyo hiyo, katika kibanda cha mabati pembezoni mwa mji wa Moshi. Natoa ushuhuda huu kwa sababu najua wapo mafundi wengi ambao mwili umeanza kuwagomea, na wanaona haya kusema.

Mali ghafi yangu kubwa ni springi za malori. Ukitaka kuigeuza springi iwe patasi ya wachimbaji madini wa Mererani, ile wenyewe wanayoiita moko, lazima uipige ikiwa imewaka, na nyundo ya kuipiga si ya mchezo. Nilikuwa na kijana wa kunipigia nyundo kubwa, mimi nikishika koleo na nyundo ndogo ya kumwonyesha pa kupiga. Alipopata pikipiki ya mkataba akaniaga. Sikumlaumu, maana bodaboda humpa mtu hela kila jioni, na mimi kuna wiki nilikuwa namlipa kwa ahadi. Nikabaki na nyundo zote mbili peke yangu, hadi bega la kulia lilipokataa. Daktari aliniambia msuli umechanika na nyundo nisiiguse tena. "Mzee, tafuta shughuli nyingine," alisema kwa upole.

Shughuli gani? Mtu aliyeanza kuvuta mivukuto kabla hajajua kusoma haamki asubuhi akawa muuza duka. Nilifungua kibanda kila siku nikakaa mlangoni. Wateja wa majembe walikwenda dukani kununua yaliyotoka nje ya nchi, ya bei nafuu. Ng'ombe aliuzwa kwa ajili ya ada, kisha kodi ya kibanda ikaanza kulala. Mke wangu aliuza ndizi sokoni, na jioni alinikuta nimenyamaza. Ukimya wangu, aliniambia baadaye, ulimtisha kuliko njaa. Namshukuru Mungu kwamba mke wangu hakunyamaza pamoja nami.

Wazo la mashine lilitoka kwa mwanetu aliyesoma ufundi wa mitambo katika chuo cha VETA. "Baba," alisema, "silinda inayonyanyua mkono wa kijiko, ule mtambo wa kuchimba, ina nguvu ya kukandamiza springi. Kwa nini tusiitumie?" Alinieleza kuwa mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya kimiminika si jambo geni: Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza yake mwaka 1795. Jirani mmoja wa gereji alitushauri tutumie jeki ya chupa ya tani 20 kupunguza gharama. Tani zingetosha, lakini jeki unaipampu kwa mkono na inapanda kidogo kidogo, na chuma cha moto hakikungoji. Kikishakutana na taya baridi kinapoteza moto mara moja, na kikipoa unakandamiza jiwe. Anayetaka mashine ya uhunzi ahesabu nguvu na mwendo kwa pamoja.

Tulifanya hesabu nyuma ya kalenda ya ukutani. Silinda tuliyoipata kwa wauza vyuma chakavu ilitoka kwenye kijiko kilichokufa, na kipenyo chake cha ndani ni milimita 125. Eneo la pistoni ni sentimita za mraba 122 na ushee. Ukiipa oili yenye presha ya kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, unapata zaidi ya tani 24. Upande wa mwendo, pampu ya gia inayotoa lita 22 kwa dakika inaisukuma pistoni hiyo karibu sentimita 3 kwa sekunde. Hapo mhunzi anafanya kazi. Pampu ikiwa nusu ya hiyo, tani zinabaki zile zile lakini chuma kinapoa katikati ya safari.

Umeme wa kibanda changu ni wa fezi moja, na mota ya kuzungusha pampu hiyo ilitaka fezi tatu. Kuvuta laini mpya kulikuwa nje ya uwezo wetu. Tukanunua injini ya dizeli ya farasi 12 iliyostaafu kwenye kinu cha kusaga mahindi, kwa mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ambao mke wangu aliuchukua kwa jina lake. Injini ya kinu inazunguka polepole, pampu inataka mizunguko kama 1,500 kwa dakika, kwa hiyo puli kubwa ilikaa kwenye injini na ndogo kwenye shafti ya pembeni yenye beringi zake. Pampu tuliiunganisha na shafti hiyo kwa kaplingi, kwa sababu pampu ya gia ikivutwa upande na mkanda haidumu.

Fremu ndiyo niliyoisimamia mwenyewe, bega bovu na yote. Tani 24 zinapokandamiza chuma, tani hizo hizo zinaivuta fremu ipasuke. Tulisimamisha nguzo mbili nzito, silinda ikakaa kati yao juu, meza chini, ili mvuto ugawanyike sawa pande zote mbili. Sehemu za kubeba mzigo tulizifunga kwa pini nene zilizopita ndani ya vyuma, na kuchomelea kukawa kwa kushikilia tu. Mataya tuliyachonga kwa ekseli ya lori. Valvu ya kuachia presha tuliiweka kabla ya kitu kingine chochote, na geji mahali ambapo macho yanaifikia bila kutafuta. Mipira ya oili ilipita nyuma ya bamba la chuma, mbali na tanuri, kwa sababu oili ikitoka kama ukungu na kukutana na moto, kibanda hakiponi.

Siku ya kwanza nilitoa kipande cha springi tanurini kikiwa na rangi ya chungwa lililoiva, nikakiweka kwenye taya la chini, mwanangu akavuta wenzo. Injini ilibadilisha sauti, ikaunguruma kwa uzito. Magamba yalipasuka juu ya chuma na kuanguka mezani, na kile kipande kikatanuka pembeni taratibu, bila kelele, kama ugali unaogandamizwa na kiganja. Nyundo ikipiga chuma kinene hufanya kazi zaidi juu juu. Hii iliingia hadi kiini. Mke wangu alikuwa mlangoni na beseni lake la ndizi. Alisema, "Haya baba, sasa lipa VICOBA."

Tumelipa. Haikuwa haraka, na mashine imetusumbua: sili za silinda zilivuja, mpira mmoja ulichakaa kabla ya wakati. Bega langu halijapona, mkono hauvuki sikio. Kumalizia makali, kuzamisha chuma kwenye oili na kukirudishia moto ili kisiwe kikavu kupita kiasi bado ni kazi ya jicho na mkono, na mashine haina msaada hapo. Ila kazi nzito ya kukandamiza haichagui tena mwenye kifua kipana. Leo nafundisha vijana wawili, na mmoja ni binti ambaye hata si wa ukoo wetu. Wazee wangeshangaa. Anaijua rangi ya chuma kuliko mimi nilipokuwa na umri wake.

Ndugu fundi, usisubiri bega likatike ndipo uanze kuhesabu. Mwili ndio mtaji wa kwanza, na ukiisha hakuna benki inayoukopesha. Ukijenga mashine kama yangu, usibane matumizi kwenye valvu ya usalama, mipira wala pini za fremu. Bana kwenye rangi na urembo. Na usiwahi kupapasa mpira unaovuja kwa mkono. Tundu dogo kama la sindano linaweza kuipenyeza oili chini ya ngozi, na mkono wa namna hiyo unahitaji hospitali siku hiyo hiyo hata kama hauumi. Zima injini, ondoa presha, kisha ndipo utafute panapovuja.