Zabibu za Dodoma

Kwa mtu wa Pwani, zabibu ni kitu cha kopo jikoni: hutiwa katika tambi za iliki siku ya Idi, ama katika biriani ya harusi, wala hakuna aulizaye zilimea wapi. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako zabibu ni tunda lililokaushwa, na lile bichi lina jina lake, inabu. Sisi tulilijua kavu kwanza, ndipo hata lililo mtini tukaliita vivyo hivyo.

Mwezi wa Agosti tulipofika Dodoma tuliliona mtini. Mji huo uko katikati ya Tanzania, juu ya uwanda mkavu. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliuogopa Ugogo kwa kiu yake, na watawala wa huko walitoza hongo kwa wapitao. Mvua hunyesha Desemba hadi Aprili, nayo ni haba. Kumbe ukame huo ndio neema ya mzabibu, kwani unyevu huuletea ukungu. Wamisionari wa Kitaliano waliupanda Bihawana katika miaka ya 1950, na leo wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na Makutupora huvuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi hivi na tena Agosti na Septemba. Ulaya jambo hilo halipatikani, baridi huulaza mti. Kisiwani Pantelleria, baina ya Tunisia na Sicily, hupandwa katika vishimo vya udongo wa volkano ili upepo wa bahari usiuvunje, na ustadi huo uliingizwa na Unesco katika orodha ya urithi mwaka 2014. Zabibu yao huitwa zibibbo, neno lile lile letu.

Lakini huko na huku, zao hilo huishia zaidi katika mvinyo. Hapo ndipo safari yetu ilipokuwa nzito.

Tulikaribishwa shambani na mama mmoja wa Kiislamu, mjane mwenye ekari moja. Baada ya kutuonjesha alisema, "Sheikh, nikiwauzia wenye viwanda, ada ya wanangu ina dhambi?" Hatukuwa na njia ya kuukwepa ukweli. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kumwuzia zabibu mtu unayejua ataifanya ulevi ni haramu, na ukishuku tu ni makuruhu. Imam Abu Hanifa alikuwa na rai laini zaidi, nasi tulimtajia, ila hatukumficha kwamba wanazuoni wengi hawakuifuata. Alinyamaza, kisha akasema, "Zabibu hazingoji, Sheikh. Zikiiva, ni siku chache zimeoza."

Sisi tulio mijini ni wepesi wa kutoa hukumu na wazito wa kununua. Wenziwe wengine hukamua zao na kuuza kile wanachokiita "mchuzi wa zabibu" (mama zetu wasije wakadhani ni wa kulia wali), nao huwa umekwisha chachuka. Yeye hakutaka mlango huo. Huuza matunda mabichi kwa ndoo kando ya barabara, na yanayobaki huyaanika juu ya chanja, chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi. Kilo nne hivi za mbichi hutoa moja ya kavu. Tulizila: tamu sana, ngozi nene, na kokwa ndani, kwa kuwa mbegu hiyo ilichaguliwa kwa mvinyo. Wenye maduka humwambia wateja wamezoea zile zisizo na kokwa kutoka Uturuki na Iran. Tulinunua kilo tatu, na bei aliyotaja tuliona ni ya haki.

Tunaandika haya Kivaa, huku Masinga katika kaunti ya Machakos, kwa jamaa wanaolima maembe na pojo, ambazo wao huziita ndengu. Ardhi ni kame kama ile ya Dodoma, ingawa Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, liko karibu. Wanaume waliuliza kama mizabibu ingemea hapa. Tuliwajibu kwamba huenda ingemea, tukawauliza nani angeinunua. Wanawake waliuliza jambo jingine: chanja ile ina kimo gani, na kitambaa ni cha aina gani. Maembe yao nayo huiva yote kwa pamoja, na mengine huoza chini ya miti. Tuliwachorea chanja kwenye mchanga, huku watoto wakimaliza kilo ya mwisho na kutema kokwa uani.