Usimfungulie Kila Mgeni Moyo Wako

Msomaji mpenzi, mgeni akibisha hodi kwako usiku wa manane, humfungulii kabla hujamuuliza yeye ni nani na anataka nini. Mbona basi wazo baya likibisha hodi moyoni twalifungulia mara moja, twalipa kiti, na hata chakula cha kulinenepesha?

Nauliza kwa sababu ya yale yaliyotufika nyumbani Bomeni, pale Taveta, karibu na mpaka wa Tanzania. Mwaka wa 2019 mama yangu aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Hata wiki haikuisha, maneno yakazuka. Jamaa mmoja alikumbuka kwamba mama na jirani yetu, bibi kizee aishiye peke yake, waliwahi kugombania zamu ya maji ya mfereji wa kunyweshea migomba. "Huyo ndiye aliyemroga," wakanong'ona. Nao walikuwa watu wa kanisani, Biblia kwapani.

Wewe na mimi twajua hatari ya wazo kama hilo. Huko Kilifi wazee wameuawa na nyumba zao kutiwa moto kwa tuhuma za uchawi. Panga halianzii mkononi, msomaji. Huanzia katika wazo lililokaribishwa ndani.

Mama alikataa katakata. Aliwaita wote, akawaambia: "Maradhi hayakuniomba ruhusa kuingia. Lakini chuki lazima niifungulie mimi mwenyewe, nami siifungulii."

Mama alizaliwa milimani Taita, na huko jambo hili si geni. Kabla wamisionari wa Kianglikana hawajafika Sagalla mwaka wa 1883, Wataita walikuwa na ibada iitwayo kutasa. Mtu alitia kinywani maji, pombe au maji ya miwa, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kuomba heri. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni huweza kuleta maradhi na misiba. Mtaalamu Mmarekani, Grace Harris, alikaa nao mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya ibada hiyo kikachapishwa 1978. Mkristo hapulizi maji, lakini naye ana agizo lake: Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba kila wazo litekwe nyara lipate kumtii Kristo.

Usidhani kulinda mawazo ni kujifanya huoni uovu. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa tarehe 16 Februari 1977, wakati wa utawala wa Idi Amin. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, alilazimika kukimbilia uhamishoni. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema kwamba anampenda Idi Amin. Hakuficha maovu ya utawala ule, aliyataja waziwazi. Alichokataa ni kuiacha chuki itawale moyo wake.

Wala kujiweka chini ya mapenzi ya Mungu si kukunja mikono. Kumbuka Getsemane. Yesu aliomba kwanza kikombe kile kimwondokee, ndipo akayakubali mapenzi ya Baba. Mama naye alifanya vivyo hivyo. Aliomba apone, akahudhuria kliniki, akatumia dawa, hata siku ambazo nauli ilikuwa ya kukopa. Waliomshauri aache hospitali ili aonyeshe imani aliwajibu kwamba daktari naye ni mtumishi wa Mungu. Lililozidi uwezo wake na wa daktari ndilo aliloliacha mikononi mwa Mwenyezi.

Alitutoka mwaka wa 2021. Sitakudanganya kwamba sala zetu zilijibiwa kama tulivyotaka. Lakini siku ya maziko, bibi yule jirani aliketi pamoja na akina mama wengine, akimenya ndizi za wageni, wala hakuna aliyemnyooshea kidole. Hebu fikiria ingekuwaje kama mama angeukubali ule mnong'ono. Tungezika mmoja na pengine kumwaga damu ya mwingine.

Wewe mwanafunzi unayengoja matokeo ya mtihani, wazo gani linakunyima usingizi? Kwamba ukianguka maisha yamekwisha? Nawe baba uliyepoteza kazi, nani anakunong'oneza kwamba mke wako amekudharau? Nawe mama, ni nani aliyekwambia mafanikio ya jirani ndiyo yaliyochukua fungu lako?

Kabla hujafungua, uliza maswali matatu. Je, jambo hili ni kweli, au ni dhana tu? Likikua, litanifikisha wapi? Je, naweza kulitamka kwa sauti mbele za Mungu bila haya? Likishindwa, lifukuze, na mahali pake uweke sala, wimbo, au kazi ya mikono, kwa maana moyo mtupu haukosi mpangaji.

Fanya sehemu yako yote kwanza. Kisha, lile usiloliweza, mwachie Mungu bila kumnyang'anya tena usiku. Amani haingoji matatizo yaishe ndipo ije. Huja pale mwenye nyumba anapojua nani wa kumfungulia.